Swali Alilobebeshwa Sam Peke Yake

Mwanzoni mwa filamu ya I Am Sam kuna tukio dogo ambalo watazamaji wengi hulisahau, kwa sababu linakuja kabla ya mahakama na kabla ya machozi. Sam Dawson, mwanamume mwenye ulemavu wa akili, amebaki na kichanga mikononi. Mama wa mtoto ametokomea kwenye kituo cha basi, hata mkono hakupunga. Mtoto analia, na Sam hajui lini amlishe na lini amwache alale. Katika jengo hilohilo anaishi Annie, mwanamke mpiga piano ambaye kwa miaka mingi hajathubutu kutoka nje ya nyumba yake. Annie anasikia kilio na anamfundisha Sam njia. Mtoto atalishwa kila baada ya saa mbili, na saa hizo zitahesabiwa kwa vipindi vya televisheni. Kipindi hiki kikianza, chupa. Kile kikianza, chupa tena. Saa humchanganya Sam, lakini ratiba ya televisheni anayo kichwani. Mtoto anakula, analala, anakua.

Nimeitazama filamu hii zaidi ya mara moja, na kila mara tukio hilo ndilo linalonibaki. Ndani ya dakika chache tu, jambo ambalo mahakama itahangaika nalo hadi mwisho wa filamu limeshapata jibu. Mzazi alipungukiwa na kitu kimoja, jirani akakijaza, mtoto akapona njaa. Filamu yenyewe haikutambua kwamba ilikuwa imeshika jibu mkononi. Ililiweka chini, ikaenda kutafuta lingine.

Kwa wasioijua: filamu hii ilitoka mwishoni mwa mwaka 2001, ikaongozwa na Jessie Nelson, ambaye aliandika mswada pamoja na Kristine Johnson. Sean Penn ndiye Sam, na nafasi hiyo ilimfanya ateuliwe kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Dakota Fanning, akiwa bado mtoto mdogo kabisa, anaigiza binti yake, Lucy. Michelle Pfeiffer ni Rita Harrison, wakili wa gharama kubwa anayeichukua kesi ya Sam bila malipo kwa sababu wenzake kazini wamemsema kuwa hana moyo. Tuko Los Angeles. Sam anafanya kazi katika mkahawa wa Starbucks, anapanga vifuko vya sukari na kufuta meza. Lucy anapofika miaka 7 anaanza kumpita baba yake katika kusoma, serikali inagundua, na baada ya sherehe ya kuzaliwa iliyoharibika mtoto anachukuliwa. Sam anaruhusiwa kumwona mara mbili kwa wiki, mbele ya msimamizi.

Kuanzia hapo filamu inakuwa kesi, na kesi ina swali moja linaloulizwa kwa sura nyingi. Wakili wa serikali, Turner, anamuuliza Sam kama ataweza kumsaidia Lucy hesabu atakapofika miaka 10, na kama atajua la kufanya binti akiwa kijana. Kila swali lina maneno mawili yaliyojificha ndani yake: peke yako. Utaweza, peke yako? Sam anajikunja kitini, anatafuta maneno, anashindwa, na kushindwa kwake kunaandikwa kuwa ushahidi.

Sasa mtazame Rita. Ana mtoto wa kiume ambaye hamwoni kutwa nzima. Anamfokea, anamwahidi na kuvunja ahadi, anazungumza kwa simu huku mtoto akimsubiri. Ndoa yake inavunjika. Nyumba yake ni kubwa na imejaa ukimya. Hakuna afisa wa ustawi wa jamii atakayebisha mlango wake, kwa sababu Rita ana fedha za kulipa watu wa kujaza mapengo yake: mlezi wa watoto, mwalimu wa ziada, dereva. Anayelipia msaada anaitwa mzazi mwenye shughuli nyingi, na anayehitaji kupewa msaada huohuo anaitwa asiyefaa kulea. Filamu inaliona hili vizuri kabisa. Kuna mahali Rita anaangua kilio mbele ya Sam na kukiri kwamba kila siku anaamka na kushindwa. Hapo tungeweza kuuliza kwa nini sheria inampima mmoja na kumwacha mwingine. Badala yake Sam anamfariji, Rita anapata nafuu, anakuwa mama bora, na kesi inageuka dawa ya moyo wake. Mimi hapo huwa nasikitika. Mtu mwenye ulemavu amekuja mahakamani kudai mtoto wake, akaondoka akiwa mganga wa mtu mwingine.

Waswahili wanasema mkono mmoja haulei mwana. Tunausema msemo huu kwa wepesi kwenye sherehe, kisha akija mzazi ambaye mkono wake unaonekana wazi kuwa mmoja, tunamtaka athibitishe kwamba huo mmoja unatosha.

Katika filamu, uwezo wa Sam umefupishwa kwa kipimo kimoja: inasemwa kwamba ana akili ya mtoto wa miaka 7. Ndiyo sababu siku ya kuzaliwa ya Lucy inakuja kama hukumu; amemfikia baba, kesho atampita. Kipimo hiki cha umri wa akili kina asili yake. Mwaka 1905, huko Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitengeneza mtihani wa kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa ziada shuleni, na mwaka 1908 wakaupanga kwa ngazi za umri. Kusudi lilikuwa kujua nani aongezewe mwalimu. Chombo kilichoundwa ili mtu apewe zaidi, mikononi mwa mahakama ya Sam kinatumika ili anyang'anywe alichonacho. Na kama kipimo cha mtu mzima, hakisemi kweli. Mtoto wa miaka 7 hajawahi kulipa kodi ya nyumba, hajawahi kuamka alfajiri kwenda kazini kwa miaka, hajawahi kubadilisha nepi usiku akiwa na homa. Sam ameishi maisha ya mtu mzima. Watafiti wa malezi ya wazazi wenye ulemavu wa akili wamerudia jambo hili kwa miongo mingi: alama za mtihani wa akili hazitabiri vizuri nani atalea vema. Umaskini, upweke, mateso aliyopitia mzazi utotoni, na kama ana watu wa kumshika mkono, hayo yana uzito zaidi.

Roger Ebert, mhakiki maarufu wa Chicago, hakuikubali filamu hii. Hoja yake ilikuwa kwamba kila mbinu ya filamu inatusukuma tuamini Lucy abaki na Sam, lakini akili ya kawaida inakataa kwenda nayo hadi mwisho. Namheshimu Ebert, na nadhani alisema kwa uaminifu kile ambacho watazamaji wengi walikihisi bila kukitamka. Lakini hiyo akili ya kawaida ina kumbukumbu ndefu huko Marekani, na si kumbukumbu nzuri.

Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Buck dhidi ya Bell. Carrie Buck wa Virginia alikuwa binti aliyebakwa akiwa katika familia iliyomlea, akapata mimba, na badala ya kutetewa akapelekwa kwenye kituo cha watu walioitwa wenye akili dhaifu. Mama yake alikuwa tayari amefungiwa hukohuko. Mtoto wa Carrie, Vivian, alipokuwa na miezi michache alitazamwa na mfanyakazi wa ustawi aliyesema kwamba hakuonekana wa kawaida sana. Kwa ushahidi wa namna hiyo, majaji 8 dhidi ya 1 waliruhusu Carrie afungwe kizazi kwa nguvu. Jaji Oliver Wendell Holmes, mmoja wa majaji wanaosifiwa zaidi katika historia ya nchi hiyo, aliandika kwamba vizazi vitatu vya wajinga vinatosha. Naye aliamini anasema jambo la akili ya kawaida. Kwa jumla, zaidi ya watu 60,000 walifungwa kizazi nchini humo chini ya sheria za aina hii katika karne ya 20.

Vivian alikwenda shule. Mwaka 1931 jina lake liliingia kwenye orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri. Alikuwa na miaka 7, umri uleule wa Lucy. Mwaka uliofuata aliugua akafa. Huyo ndiye aliyehesabiwa kuwa kizazi cha tatu.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya zamani, na kwamba siku hizi hakuna anayefunga watu vizazi kwa sababu ya ulemavu. Lakini hofu ileile ilibadilisha mlango. Watu wenye ulemavu wa akili walipoachiwa wawe na watoto, swali likahama kutoka wodini kwenda mahakama ya familia. Mwaka 2012 Baraza la Taifa la Ulemavu la Marekani, chombo cha serikali yenyewe, lilitoa ripoti ndefu kuhusu wazazi wenye ulemavu. Lilikadiria kwamba walikuwa angalau milioni 4.1, yaani asilimia 6.2 ya wazazi wote wenye watoto walio chini ya miaka 18. Tafiti zilizokusanywa humo zilionyesha kwamba wazazi wenye ulemavu wa akili hunyang'anywa watoto kwa kiwango cha kati ya asilimia 40 na 80. Takriban theluthi mbili ya majimbo yalikuwa yakitaja ulemavu wa mzazi katika sheria zake kama sababu mojawapo ya kumwondolea haki za uzazi. Maana yake ni kwamba mzazi angeweza kuingia mahakamani akiwa na doa kabla hajatenda lolote.

Mwezi Novemba mwaka huohuo, katika jimbo la Massachusetts, mama kijana mwenye ulemavu wa ukuaji alijifungua binti. Siku mbili baadaye idara ya watoto ya jimbo ilimchukua mtoto. Miongoni mwa mambo yaliyoandikwa dhidi ya mama huyo ni kwamba alisahau kumcheulisha mtoto, na kwamba alipitiwa na zamu moja ya kumlisha. Sababu ya kupitiwa ilikuwa saa. Alipata shida kusoma saa ya mishale. Wazazi wake, yaani babu na bibi wa mtoto, walikuwa tayari kumsaidia kulea nyumbani kwao. Bado mtoto akapelekwa kwa watu baki, akakaa huko zaidi ya miaka miwili.

Rudi kwa Annie na vipindi vyake vya televisheni. Miaka 11 kabla ya kesi hiyo, filamu ya kubuni ilikuwa imeonyesha hadharani kwamba tatizo la saa linatatulika kwa jirani mwema na televisheni kuukuu. Wodini ingetosha saa ya tarakimu. Ingetosha kengele ya simu. Januari 2015 Wizara ya Sheria ya Marekani pamoja na Wizara ya Afya na Huduma za Jamii zilitoa barua ya matokeo ya uchunguzi zikisema idara hiyo ilimbagua mama huyo kwa sababu ya ulemavu wake, kinyume na sheria ya mwaka 1990 ya Wamarekani wenye ulemavu. Machi mwaka huo mtoto alirudi nyumbani. Miezi yake ya kutambaa, hatua ya kwanza, maneno ya kwanza, yote yalipita mbele ya macho ya wengine.

Katika kesi kama hizi muda ni adui mwenyewe. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1997 kuhusu kuasili na usalama wa familia inaielekeza serikali, isipokuwa kwa sababu maalumu, iombe mzazi aondolewe haki zake mtoto akishakaa chini ya ulezi wa serikali miezi 15 kati ya 22. Nia yake ilikuwa njema, kwamba watoto wasizeeke wakisubiri wazazi wasiobadilika. Lakini fikiria mzazi anayejifunza polepole. Anatakiwa kuhudhuria mafunzo ya malezi yanayofundishwa darasani kwa vitabu na mihadhara, wakati yeye hujifunza kwa kuonyeshwa na kurudia, jikoni, na mtoto wake mwenyewe. Mtoto wake mwenyewe hayupo, amechukuliwa. Kwa hiyo anafundishwa kuogelea nje ya maji, anapewa mtihani, na miezi inahesabiwa.

Filamu ya Nelson haina nafasi ya mambo haya, na siilaumu kwa hilo. Drama si kitabu cha sheria. Ninachoilaumu ni utetezi iliomchagulia Sam. Anapopewa nafasi ya kueleza nini humfanya mtu awe mzazi mwema, anasema kuhusu uthabiti, subira, kusikiliza, hata kujifanya unasikiliza pale ambapo huwezi tena kusikiliza, na upendo. Maneno ni mazuri. Ila si yake. Ameyakariri kutoka Kramer vs. Kramer, filamu ya mwaka 1979 kuhusu baba mwingine aliyepigania mtoto mahakamani. Naona uchungu mkubwa katika uamuzi huo wa waandishi, sijui kama walikusudia nione hivyo. Baba mwenye ulemavu hana sinema ya kwake ya kunukuu. Anavaa koti la baba asiye na ulemavu ili asikike.

Na utetezi wa upendo ni utetezi dhaifu. Si kwa sababu upendo hauna thamani. Ni kwa sababu kila mzazi anayekuja mahakamani anao, au anasema anao, na jaji hana mizani ya kuupima. Ukisimama kwenye upendo peke yake, Turner anakushinda kwa swali moja la hesabu za darasa la nne. Nyimbo za Beatles zinazotawala filamu nzima, zikiimbwa upya na wanamuziki wengine, zinatuambia upendo ndio kila kitu. Lucy alipewa jina kutokana na wimbo wao mmoja. Inagusa, lakini kama ningekuwa wakili wa Sam ningezima muziki na kumwita Annie, nimuulize juu ya ratiba ya chupa: ilianza lini, ilifanya kazi kwa muda gani, nani mwingine alisaidia. Ningemwita kila rafiki aliyetoa senti zake dukani siku Sam alipopungukiwa na bei ya viatu vya Lucy. Ningeiweka mbele ya jaji orodha ya watu na kazi zao.

Mwaka huohuo wa 1979, California hiyohiyo ambako Sam anashtakiwa ilikuwa imeshatoa hukumu ambayo ingemfaa. Baba wa watoto wawili wa kiume alipata ajali ya gari akapooza mikono na miguu. Alikuwa amewalea tangu wangali wadogo sana, mama yao akiwa mbali. Baada ya ajali mama akawaomba, na jaji wa chini akampa, kwa hoja kwamba baba hataweza kucheza nao mpira wala kwenda nao kuvua samaki. Mahakama ya Juu ya California ilitengua uamuzi huo. Jaji Stanley Mosk aliandika kwamba kiini cha uzazi hakiko katika mbio za kila siku za kuwapeleka watoto huku na kule. Kiko katika mwongozo wa kimaadili, kihisia na kiakili ambao mzazi humpa mtoto miaka yote ya kukua kwake. Mahakama ikasema ulemavu wa mwili hauwezi wenyewe kuwa ushahidi kwamba mtu hafai.

Hukumu hiyo ni ya ulemavu wa mwili, na neno kiakili limo ndani yake. Msomaji makini atanibana hapo, na ana haki. Baba aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu anaweza kueleza, kushauri, kukataza kwa hoja. Sam anaweza? Hili ndilo gumu la kweli katika filamu, na limewekwa kwa Lucy. Kuna tukio ambalo Lucy anagoma kusoma neno analolijua. Halisomi kwa sababu baba yake hawezi kulisoma, naye hataki kumpita. Dakota Fanning analicheza bila kutia chumvi, uso mdogo umekazana kama mlango uliokomewa. Mtoto anajipunguza ili mzazi asionekane mdogo.

Hapa sitaki kumtetea Sam kwa kupita pembeni. Mtoto anayejizuia kukua anaumia, na serikali ikiliona hilo haikosei kusogea. Swali ni inasogea na nini mkononi. Lucy anahitaji mtu mzima wa kumwambia kwamba kusoma kwake hakumuumizi baba. Anahitaji mwalimu wa kumsaidia jioni mbili kwa wiki, na labda mtoto mwingine mwenye mzazi kama wake wa kuzungumza naye. Sam naye anahitaji kuambiwa waziwazi kwamba binti anamficha kitu, maana akijua atafurahi kumwona akisoma. Hilo filamu inalionyesha, anamsihi asome. Walichopewa ni vikao viwili kwa wiki chumbani, mbele ya mtu anayeandika. Aliyejizuia kusoma kwa ajili ya baba, sasa anajifunza kwamba akili zake ndizo zilizomtoa nyumbani. Sioni ni kwa namna gani hilo limemtua mzigo.

Kuna lingine linalonisumbua katika jinsi Sam alivyoumbwa. Hana hasira ya kudumu, hana uvivu, hana uchoyo, hana tamaa. Anaposhindwa, anashindwa kwa usafi. Rita anaruhusiwa kuwa mkali, mbinafsi, mchovu, na bado mama. Sam lazima awe malaika ndipo tumwonee huruma. Wazazi wenye ulemavu halisi si malaika. Wanachoka, wanagombana na majirani, kuna siku wanalala bila kuosha vyombo. Filamu inayotufundisha kumpenda mlemavu asiye na kosa haitutayarishi kumtendea haki mwenye makosa ya kawaida.

Kuhusu Sean Penn mwenyewe nitasema kidogo. Alijiandaa kwa bidii, na kazi yake ina nyakati za kweli. Lakini marafiki wawili wa Sam wameigizwa na watu wenye ulemavu katika maisha yao halisi, Brad Silverman na Joseph Rosenberg, na kila wanapoingia, fremu inabadilika. Hawaonyeshi kitu, wapo tu. Nikiwatazama najiuliza filamu ingekuwaje kama mmoja wao ndiye angekaa kwenye kiti cha ushahidi.

Kisha Annie. Mwanamke ambaye hajatoka nje kwa miaka anavaa nguo zake nzuri, anapita mlangoni, anakwenda mahakamani kusema anachokijua kuhusu Sam. Turner anamhoji kuhusu maisha yake hadi anavunjika. Tukio hili limetengenezwa ili tumchukie Turner, na tunamchukia. Lakini tazama kilichopotea. Shahidi pekee aliyejua jinsi ya kumsaidia Sam alea amefukuzwa kwa sababu naye alihitaji msaada. Mahakama ilikuwa ikitafuta mtu mzima, mkamilifu, asiyemtegemea yeyote. Mtu huyo hakuwepo chumbani. Hakuwa Turner wala Rita, wala jaji.

Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ulioanza kutumika mwaka 2008. Ibara ya 23 inasema kwamba mtoto hatatenganishwa na wazazi wake kwa msingi wa ulemavu, uwe wa mtoto au wa mzazi mmoja au wote wawili. Sentensi hiyo hunukuliwa mara nyingi. Mimi napenda zaidi ile inayoitangulia, isiyonukuliwa sana, inayozitaka nchi ziwape watu wenye ulemavu msaada unaofaa katika kutekeleza majukumu yao ya kulea. Kukataza kunyang'anya bila kuamuru kusaidia kungekuwa nusu ya haki. Marekani iliusaini mkataba huo mwaka 2009. Desemba 2012 Baraza la Seneti lilipiga kura 61 dhidi ya 38, theluthi mbili zilizohitajika zikakosekana, na nchi haikuuridhia. Binti wa Massachusetts alikuwa na wiki chache tu, mikononi mwa walezi wa muda.

Mwisho wa filamu, bila hukumu ya jaji tunayoisikia, mambo yanajipanga yenyewe. Lucy amepewa familia ya walezi. Kila usiku anatoroka na kumfuata baba yake, ambaye amehamia karibu. Kila usiku Sam anamrudisha. Randy, mama mlezi aliyeigizwa na Laura Dern kwa utulivu mkubwa, alikuwa tayari kumwambia jaji kwamba anaweza kumpa Lucy upendo ambao hajawahi kuupata. Anamletea Sam mtoto mlangoni na kukiri kwamba angekuwa anadanganya. Sam naye anamwambia kwamba hawezi peke yake, na anamwomba amsaidie. Wawili hao, mlangoni, usiku, wanamaliza kesi kwa dakika moja.

Baada ya hapo tunaonyeshwa uwanja wa mpira wa miguu. Sam ni mwamuzi, Lucy anakimbia, marafiki wanapiga kelele, Randy yupo, Rita yupo na mwanawe. Muziki unapanda.

Ningependa kuiona Jumatatu inayofuata. Lucy amerudi shule na daftari la hesabu. Sam bado yuko kazini hadi jioni, vifuko vya sukari vimepangwa kwa rangi. Randy anapika na kukagua jibu la tatu, ambalo si sahihi. Mtu wa ustawi wa jamii amepiga simu kuuliza kama mwalimu wa jioni amefika. Kwenye jengo lile la zamani, piano inasikika kupitia ukuta, na mlango wa Annie uko wazi kidogo.